Amepatikana

Hanesaka, 9 Juni 2014

Wifi yangu Sumie,

Figili zimefika, na harufu ya moshi ilifika kabla yake. Kijana wa vifurushi alilishika boksi mbali na pua, akaniuliza kama kuna kitu kimeungua ndani. Nikamwambia hizo ni figili za kwenu Akita, zinaning'inizwa juu ya moto makusudi, akaning'inie na yeye ajue utamu wake. Ahsante sana. Kaka yako alikula mbili na wali wa asubuhi, akasema "za kwetu hizi," akaongeza ya tatu. Kwa hiyo usiseme tena kwamba mji umemharibu ulimi.

Umeuliza habari. Hakuna habari. Hapa Hanesaka habari hupanda treni alfajiri pamoja na watu, zikaenda Tokyo, na sisi tunaobaki mchana tuna kunguru na watoto wa chekechea. Lile duka kubwa la mbele ya stesheni wamelifunga ghorofa za juu. Chini wameweka kliniki ya macho na kliniki ya magoti. Shule aliyosoma mwanetu Norihide imeunganishwa na ile ya ng'ambo ya reli, watoto hawatoshi. Stesheni wamemaliza kuijenga upya, sasa ina mlango wa magharibi na ngazi zinazopanda zenyewe, lakini treni za haraka bado zinatupita bila hata salamu. Meya anasema mwakani zitasimama. Alisema hivyohivyo wakati alipokuwa na nywele.

Kaka yako hajambo. Kila asubuhi anatembea mpaka stesheni na kurudi. Daktari anaisifu miguu yake.

Kuhusu kumbukumbu ya mama mkwe, najua Septemba inatimia ya mwaka wa thelathini na tatu, na najua mwana mkubwa ndiye wa kukaa mbele ya mtawa. Lakini safari ni ndefu na Septemba bado kuna joto. Tutaona. Na wewe usijisumbue kuja Agosti. Mafundi watakuwa juu ya paa, hakuna pa kulala.

Goti likoje? Usipande ngazi za ghala.

Wifi yako,
Kinue


Kurumizawa, 17 Juni

Wifi,

Paa gani? Lilelile ulilolitengeneza mwaka juzi nikakosa kuja? Ebo! Nyumba yako ina mapaa mangapi?

Basi paa lako limesalimika. Goti walilonipasua mwezi wa tatu halipandi hata kizingiti, daktari kanikataza treni mpaka vuli. Nakaa hapa kama chungu jikoni, nasubiri kuinuliwa na Akemi. Mkwe wangu ni mtoto mwema lakini ananiinua kama gunia.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Ukikasirika, kasirika vilevile, mimi wifi yako nimeumbwa kwa kazi hiyo. Jumapili simu ililia, nikashika, alikuwa kaka. Hakusalimu. Akasema, "Sumie, mpe mama simu." Nikacheka. Nikamwambia mama yuko shambani anang'oa magugu, akingoja atachoka. Akasema, "Haya, akirudi mwambie nimefaulu mtihani." Ndipo kicheko kikanikauka. Wifi, kaka yangu hajafanya utani tangu azaliwe. Mama yuko kaburini miaka yote hiyo, na wewe unaniandikia kwamba daktari anasifu miguu!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usinifanye mgeni. Na usidhani sina macho huko kwenu: Bi Togashi wa mtaa wenu alizaliwa kijiji cha pili kutoka hapa, na ulimi wake unafika kabla ya posta. Ameniambia anamwona kaka asubuhi ana suti na mkoba, na wewe nyuma yake hatua kumi na kofia ya jua, kama askari kanzu.

Mlete. Nyumba hii ni kubwa mpaka mimi na Akemi tunaitana kwa kelele. Chumba chake kipo. Huko ana nini? Huko alikwenda kulala tu. Muulize duka la tofu liko wapi, hajui. Muulize jina la jirani, hajui. Huku akitoka nje, mtu wa kwanza atakayemkuta atamshika mkono amrudishe, tena atamwita jina lake la utotoni. Mlete, wifi. Usimfanye wako peke yako.

Sumie


Hanesaka, 2 Julai

Wifi,

Sawa. Hakuna paa.

Huu ni mwaka wa pili. Alipostaafu alilala mwaka mzima, nikasema ni uchovu, alipie deni lake la usingizi. Alipoamka alikuwa hivi. Kila asubuhi anavaa suti na kujifunga tai mwenyewe, vizuri kabisa, vidole havijasahau. Anakwenda stesheni. Anasimama mbele ya milango ya tiketi, anawatazama watu wakiingia, halafu anageuka na kusema, "Leo nimerudi mapema." Tunarudi. Nikimwekea chakula ananishukuru na kuniita shangazi wa kantini. Kazini kwao kulikuwa na shangazi mmoja mpishi, inaonekana alikuwa mwema. Mara ya kwanza nilingoja niumie. Sikuumia. Nikamwongezea supu.

Njia ya nyumbani mpaka stesheni anaijua. Nje ya njia hiyo hajui kitu. Usicheke, wanaume wote wa mji huu ni hivyohivyo. Wakistaafu utawaona bustanini, kila mmoja na benchi lake, wameishi mtaa mmoja tangu ujana na hawajuani hata kwa sura. Tatizo limekuja na huo mlango mpya. Mara mbili ametokea upande wa magharibi bila kujua. Akatembea kama njia ya kwetu: kushoto, kulia kwenye sanduku la posta, nyumba ya nne. Na kule nyumba ni zilezile, zilijengwa na kampuni moja mwaka mmoja. Mara ya pili alifungua mlango wa watu, akavua viatu, akasema, "Nimerudi." Mama wa watu yuko ndani anakunja nguo, akajibu, "Karibu nyumbani," kwa mazoea tu, bila kugeuka. Ndipo akageuka akapiga kelele. Nilikwenda kuomba radhi na boksi la biskuti. Yule mama naye akaniomba radhi kwa kumkaribisha mume wangu.

Sijawahi kumtangaza. Unavijua vile vipaza sauti vya manispaa, vilivyo juu ya nguzo. Saa kumi na moja vinapiga wimbo watoto warudi nyumbani, na karibu kila wiki vinatangaza mzee aliyepotea. Hawamtaji jina. Wanataja mtaa, umri, urefu, nguo. Wanadhani wamemsitiri, kumbe kila mwenye masikio anajua ni nani. Na baadaye vinatangaza tena, na hapo wenyeji wote tunaacha tulichoshika. Wakisema "amepatikana salama," tunaendelea na mapishi. Wakisema "amepatikana" tu, wakanyamaza, kila mtu anajua, na watu wanaanza kutafuta nguo nyeusi. Sitaki mume wangu asomwe hivyo juu ya nguzo.

Unasema nimlete. Hapana. Tumeoana miaka arobaini na mitano, lakini ukijumlisha saa alizokuwa nyumbani na macho wazi, sijui kama zitajaza miaka mitatu. Huyu mtu ndiyo kwanza nimempata. Nimempata amepungua, lakini nimempata. Ukimchukua nitabaki mke wa nani, wa stesheni?

Mimi sijambo. Silali sana, sili sana, silii.

Kinue


Kurumizawa, 21 Agosti, kwa posta ya haraka

Wifi yangu Kinue,

Bi Togashi amenipigia simu. Anasema jana kipaza kilitangaza mzee wa mtaa wenu, umri wa kaka, shati la kaka, na jioni kikasema amepatikana. Hakikusema salama. Nilimuuliza, "Umesikia vizuri? Masikio yako yale?" Akasema mtaa mzima umesikia vizuri, na yeye mwenyewe amekuja mlangoni kwako akakupa pole, nawe ukaipokea.

Nimekupigia tangu jana, simu inalia tu. Namba ya Norihide niliyonayo ni ya zamani, anashika mwanamke wa duka la maua. Sijui nifanye nini na mikono yangu. Akemi ananiletea chai, inapoa, analeta nyingine.

Nilikuandikia usimfanye wako peke yako. Yalikuwa maneno ya kipumbavu, niyameze. Wewe ulitembea nyuma yake kila asubuhi na kofia yako ya jua. Mimi nilibeba ulimi tu. Lakini hasira ninayo, nisikufiche. Ungemleta, wifi! Ungemleta angekufa anajulikana. Alifia wapi? Majini? Juani? Nani aliyemwona wa kwanza, na alijua anamwona nani? Nani amemwosha?

Msimchome kabla sijafika. Najua ni joto, lakini nisubirini. Goti na lipasuke, nakuja.

Unajua alivyokuwa akija Mwaka Mpya? Siku tatu analala. Tunamruka kama gogo, mama anamfunika, anasema mwacheni mtoto. Mimi nilikuwa namchukia kwa usingizi ule. Nilikuwa na mambo ya kumwambia, na kila mwaka nayaweka. Sasa ningemtaka hivyohivyo, amelala, ilimradi awe anakoroma.

Pole, wifi. Pole sana. Sikujua kama siku moja nitakuandikia neno hili bila kukuchokoza.

Sumie


Hanesaka, 23 Agosti

Wifi,

Usipande treni. Kaka yako yuko hai. Yuko hapa barazani anakula tikiti maji na kutemea mbegu kwenye ndala zangu.

Akemi ameshakwambia, najua. Nimepiga simu asubuhi, akasema uko hekaluni unapanga mambo na mtawa, akakimbia kukuita kabla sijamaliza. Lakini naandika, kwa sababu yapo mambo ambayo sitayasema kwenye simu.

Tarehe ishirini alitoka nikiwa msalani. Nikakimbia stesheni, hayupo. Nikaenda magharibi, kwenye nyumba ya yule mama, hayupo. Lilikuwa jua la kuua. Saa sita nikaingia kibanda cha polisi, nikasema sasa mtangazeni. Wakaniambia nikae nyumbani karibu na simu. Nikakaa. Nikasikia mume wangu anasomwa juu ya nguzo: miaka sabini na mitatu, urefu wa wastani, mvi, shati la samawati, suruali nyeusi. Na unajua nilichofikiri? Kwamba shati lile sikulipiga pasi. Hata katika hali ile niliona haya.

Jua likaanza kushuka. Kipaza kikalia tena. "Mzee aliyekuwa akitafutwa amepatikana. Ahsanteni kwa ushirikiano wenu." Basi. Nilisimama dirishani. Unajua nguzo za huku hazisemi pamoja, ya karibu inatangulia na ya mbali inafuata nyuma, maneno yanakanyagana. Nikangoja ya mbali, labda hiyo ina lile neno. Nayo haikuwa nalo.

Sikulia. Nilikwenda jikoni, nikafungua pipa la mchele, nikapima, nikauosha. Nilipouweka kwenye sufuria ndipo nikaona kwamba nimepima wa mtu mmoja. Sikufikiri, wifi. Mkono ulipima wenyewe. Bi Togashi akaja na shanga zake za sala mkononi, ameinamisha macho, akanipa pole. Nikamshukuru. Nikamwuliza hata habari za mguu wake.

Halafu simu ikalia. Polisi. "Mama, njoo umchukue mzee, anatumalizia chai ya shayiri." Alikuwa amekaa kwenye kituo cha basi cha mji wa jirani, kwenye kivuli, mwenye afya kuliko mimi. Aliyesoma tangazo alikuwa kijana mgeni wa manispaa, anatoka mbali, ndiyo wiki yake ya kwanza kwenye kipaza. Aliona sentensi ni ndefu akaifupisha. Hakujua kwamba hilo neno alilolikata ndilo tangazo lenyewe.

Sasa nisome vizuri, sitaliandika tena. Nilipoweka simu chini, moyo wangu haukusema ahsante. Ulisema: kumbe bado.

Hayo tu. Kumbe bado. Nikavaa viatu nikaenda kumchukua. Tulipofika nyumbani simu ilikuwa inalia na watu wanasimama mlangoni, nikachomoa waya. Ndiyo maana hukunipata.

Juzi yule kijana alikuja na mkubwa wake kuomba radhi. Wamevaa suti nyeusi katika joto hili, wamebeba boksi la keki. Walipiga magoti hapo ukumbini, wakainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, wamwombe radhi marehemu. Kaka yako alipoona watu wenye suti wameinama, naye akainama. Ameinamia wateja maisha yake yote. Kijana akasema, "Ni kosa langu, nimekukosea sana." Kaka yako akajibu, "Hapana, ni uzembe wa ofisi yetu, haitatokea tena." Hakuna aliyethubutu kuinuka kwanza. Nikaenda kuchemsha maji ya chai, niliporudi bado wameinamiana. Siku nyingine ningecheka.

Na leo asubuhi imefika barua yako ya haraka. Aliichukua yeye sandukuni, akaifungua, akaisoma kwa sauti, kwa ile sauti yake ya ofisini, mwanzo mpaka mwisho. Sikumzuia. Alipomaliza akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamtajia jina lake mwenyewe, Eikichi. "Eikichi yupi?" Wa Kurumizawa. Akafikiri. "Masikini. Ana mke?" Nikasema anaye. Akaikunja barua vizuri, akaenda chumbani, nikamsikia anafungua makabati. Akatoka amevaa tai nyeusi. Akasimama mbele yangu, akaunganisha mikono, akainama. "Pole sana, bibi," akasema. "Utakuwa umechoka."

Nikaipokea, wifi. Nilipokea pole ya mume wangu kutoka kwa mume wangu, nikasema ahsante, ndiyo, nimechoka.

Mchukue. Norihide atapata likizo mwezi ujao, atamleta kabla ya kumbukumbu ya mama. Mimi sitakuja naye. Usidhani umenishinda, hukunishinda. Ni ule mchele. Mtu aliyeachwa nje ya kipimo namna ile hafai kubaki mikononi mwa aliyepima.

Kinue


Kurumizawa, 12 Oktoba

Wifi,

Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Simu unashika, unasema "mm" na "sawa" na "kula vizuri," kisha unakata. Ningekuwa na goti zima ningekuja nikugongee mlango kwa gongo hili. Haya, nakuandikia mara ya tatu, mimi sichoki, mtu wa kuchoka ni msomaji.

Kaka anaendelea vizuri. Kwenye kumbukumbu ya mama alikaa mbele, mgongo umenyooka, akachoma ubani bila kukosea. Mtawa alipomaliza kisomo kirefu, kaka akamwambia, "Ahsante kwa taarifa yako, tutaijadili." Watoto wote walikimbilia nje kucheka. Mtawa naye, mzee yule mgumu, nilimwona mabega yanatikisika.

Mchana hana neno. Anaokota njugu za msituni na Akemi, anajua wapi pana nyingi, jambo ambalo hata mimi nimelisahau. Ameshatoroka mara nyingi, na kila mara analetwa. Juzi kaletwa na gari la muuza samaki, na samaki mmoja wa bure. Wananiambia, "Sumie, chukua kaka yako, tumemkuta anakagua mashamba." Nilikwambia, huku anajulikana. Nilikuwa sahihi, na napenda niwe sahihi, wewe unanijua.

Lakini lipo jambo, wifi, na leo sikuchokozi.

Giza likikaribia anatafuta viatu. Mwanzoni nilimfichia. Akatafuta mpaka akawa anatetemeka, basi nikaacha kuvificha. Namuuliza, "Unakwenda wapi, kaka?" "Nyumbani." "Hapa ndipo nyumbani, ulizaliwa chumba kile pale." Ananitazama kama mgonjwa ni mimi. "Nyumbani Hanesaka," anasema. Nikamwambia Hanesaka ni mbali, kesho. Akasema, "Haiwezekani kesho. Mke wangu hajalala."

Nikamwambia, kwa ubishi tu, unajua nilivyo, "Wewe utajuaje kama hajalala?" Akanieleza, wifi, polepole, kama mtu anamwelekeza mgeni njia. Ukishuka treni ya mwisho, anasema, unatembea na watu wengi, kisha wanapungua, kisha uko peke yako. Nyumba zote giza. Ukikata kona ya mwisho, moja tu ina taa, dirisha la jikoni. "Miaka yote," anasema. "Hajawahi kulala kabla yangu. Hasemi kitu, lakini anangoja. Nisipofika ataendelea kukaa tu." Mtu huyu, asiyekumbuka jina lako! Akemi alitoka nje, akasingizia vitunguu, na hatukuwa na kitunguu chochote jikoni.

Anasema hivyo kila jioni. Kila jioni nampinga na kila jioni ananishinda, mpaka analala na viatu miguuni pale kizingitini, tunamfunika palepale.

Sikujua haya kuhusu wewe. Miaka yote nilikuona mkavu, mwanamke wa mjini, nikasema kaka kaoa jokofu. Kumbe ulikuwa unamngoja. Mimi marehemu mume wangu akichelewa hata kidogo alikuta nakoroma, na sufuria nimekwangua. Nimekuonea kijicho, wifi. Nakwambia waziwazi, kijicho kimenishika.

Sumie


Hanesaka, 16 Oktoba

Wifi,

Nilikuwa nimelala.

Ile taa ilikuwa ya wezi. Mwaka tuliohamia, wezi waliingia nyumba tatu za mtaa huu, polisi wakapita wakituambia wake tunaokaa peke yetu tuache taa moja inawaka. Nikaacha ya jikoni kwa sababu ndiyo inayotumia umeme kidogo. Chakula chake nilikifunika, nikalala na Norihide. Alipoingia nilimsikia. Nilimsikia anavua viatu, anafunua sahani, anakula taratibu asituamshe. Wakati mwingine alisimama mlangoni mwa chumba. Nikageukia ukuta. Sikuwahi kumngoja hata usiku mmoja, wifi, na yeye hakuwahi kuniuliza. Sasa naona hakuuliza kwa kuwa alidhani anajua.

Hukosei kuniita jokofu. Tangu Norihide amchukue nimelala, nimekula, nimelala tena. Watu wa mtaa wananiuliza kama nyumba haijawa kubwa. Nasema imekuwa kubwa, ndilo jibu linalotakiwa. Kweli yenyewe ni kwamba sikusikia kitu. Nilikaa nikisubiri nimkumbuke, na sikumkumbuka. Barua zako mbili nilizisoma kama matangazo ya duka. Nilianza kufikiri kwamba mimi ndiye niliyepatikana, ile siku, bila lile neno.

Hii ya tatu niliisoma nimesimama mlangoni. Nikaisoma tena nimekaa. Kuna kitu kimeanza kuuma, wifi. Si sana. Kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuingiwa na damu, hujui ni afadhali au ni mateso. Nimelia kidogo, kisha nikakasirika kwamba nalia, kisha nikaendelea.

Nakuja Jumamosi ijayo. Sijui nitakaa mpaka lini, nimebeba nguo za baridi. Kama ule ukubwa wa nyumba uliojisifia ni wa kweli, nitafutie godoro.

Usimwambie habari ya wezi. Katika maisha haya, hata ukikasirika na mimi, usimwambie.

Na jioni hiyo akitafuta viatu, usibishane naye. Mpe. Mwambie treni yake imefika. Akemi amtoe, amzungushe nyuma ya ghala mpaka giza liingie sawasawa, halafu amlete kwa upande wa jikoni, amwachie kwenye kona atembee mwenyewe. Zima taa za nyumba nzima, ila ya jikoni iache. Wewe nenda kalale. Ukishindwa, jifanye umelala, na ufunge mdomo, najua ni kazi.

Mimi nitakuwa nimekaa mezani, macho.

Kinue